Shimo la Mnara wa Utu

Nimeanguka mara nyingi maishani. Nimeanguka kwenye ngazi, kwenye biashara na kwenye ndoa, na kila mara nimeinuliwa na watu wa kila namna, wakiwemo walioniangusha. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba katika habari hii mimi si shahidi safi. Mtu aliyeokotwa mara nyingi hana fikra huru kuhusu kuokotwa.

Nchi ninayoisimulia inaitwa Staharani. Nilifikaje, hilo si la maana. Kila njia mbaya ina mahali inapoishia, na yangu iliishia sokoni kwao, asubuhi, nikiwa na begi na tumbo lisilo na kitu. Soko lilikuwa safi na watu wake wapole. Mbele yangu mama mmoja wa makamo, mwenye kikapu cha machungwa kichwani, aliteleza akaanguka chini kwa kishindo. Machungwa yakatawanyika. Papo hapo soko zima likanyamaza na kugeuka. Wauzaji, wanunuzi, wachukuzi, wote walimpa yule mama migongo yao, wakasimama kimya kama watu wanaosubiri jeneza lipite.

Nilichukua hatua niende kumshika mkono. Kabla sijamfikia, mimi ndiye niliyeshikwa. Alikuwa bwana mrefu mwenye kanzu ya kijivu, na begani amebeba pazia lililokunjwa vizuri. Nilikuja kujua kwamba anaitwa Ngwali, afisa wa Idara ya Mapazia.

"Unataka kumfanya nini yule mama?" akaniuliza kwa upole.

"Kumwinua."

"Kwani amekwambia hawezi kuinuka?"

"Hajasema."

"Basi wewe umejuaje?"

Nikamwambia nimejua kwa kumwona yuko chini. Akashusha pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa baya. "Ukimwinua mtu," alisema, "umetoa ushahidi hadharani kwamba ameshindwa kusimama. Umemvunjia utu wake mbele ya watu. Huko kwenu kitendo hicho mnakiitaje?"

"Sisi husema pole, tukanyoosha mkono."

"Kumbe hali huko ni mbaya kuliko tunavyosikia."

Nyuma yetu yule mama alikuwa amemaliza kuokota machungwa. Akakohoa. Soko likageuka na kelele zikarudi. "Habari za asubuhi, mama?" akauliza mwuza bamia. "Nzuri," akajibu, damu ikimtiririka kiwikoni. Hakuna aliyeiona.

"Na mimi nikianguka?" nilimuuliza Ngwali.

"Wewe ni mgeni. Utu wako uko kwenu. Hapa umekuja na begi."

Alinionyesha ibara ya kwanza ya katiba yao, iliyochongwa kwenye lango la soko: *Utu wa mtu ni mtukufu. Mtu asionekane katika hali isiyomstahili.* Sitaki kumficha msomaji: maneno yale yalinigusa. Mimi nimewahi kuvuliwa mkanda na viatu mbele ya foleni, nikasimama nimeshika suruali kwa mkono huku nikiulizwa jina la mama yangu kwa sauti ya kuita mnada. Nimewahi kulazwa kwenye ujia wa hospitali, watu wakiniruka kama wanaruka dimbwi. Siku hizo angetokea Ngwali mmoja na pazia lake, ningelia kwa shukrani. Kwa hiyo nilikaa Staharani kwa moyo mkunjufu, nikidhani nimefika kwa watu wenye akili.

Nilipanga chumba kwa Bi Kidawa, mwanamke mfupi, mchapakazi, asiyependa maneno ya kuzunguka. Mumewe, Bwana Shamte, alikuwa kinyozi, na kwa maneno alikuwa kinyume chake. Hakuna kichwa kilichotoka mikononi mwake bila kusimangwa. Kichwa changu alikiangalia mara moja akasema, "Mgeni, hiki nikikinyoa nitatoza nusu. Nusu nyingine ulishanyolewa na dunia." Tukapatana hapo hapo.

Ni wao walionieleza habari za Walioinuliwa. Niliona kila siku mzee akipita na madumu ya maji, hakuna anayemsalimu, na watu wakimkodolea macho toka kichwani hadi miguuni bila haya. Nikauliza ni nani.

"Yule ni wa Kisima," alisema Bi Kidawa. "Zamani alikuwa na jina zima. Alitumbukia kisimani, akaomba kamba. Akapewa."

"Ikawaje?"

"Ikawa ndiyo hivyo. Mtu akiinuliwa, sheria haimjui tena. Hana pazia, hana salamu, hashuhudii barazani. Wanakaa kule Bondeni. Anayemwinua mtu naye huenda huko huko, isipokuwa kama ni mgeni."

"Na asiyeomba kamba?"

Bwana Shamte akadakia, "Huyo tunamzika kwa heshima kubwa. Baba yangu mimi alikufa ameegemea mlango, maksudi, asionekane kaanguka. Watu walimpa salamu mpaka jioni." Alicheka. Mkewe hakucheka.

Sasa, katikati ya mji, mbele ya Baraza la Utu, palikuwa na shimo. Serikali ilikuwa imekusudia kujenga hapo Mnara wa Utu, ikachimba msingi mrefu wa kwenda chini kuliko urefu wa mtu, kisha mjadala ukazuka juu ya sura ya mnara na kazi ikasimama. Nilimuuliza Ngwali kwa nini halikuzungushiwa uzio. Alishangaa. "Uzio? Tuwaambie wananchi kwamba wanaweza kuanguka?"

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu. Bwana Shamte alitoka kwenda kufungua kibanda chake cha kunyolea, mikono imejaa vioo na taulo, akaingia shimoni.

Tulipofika mimi na mkewe, pazia lilikwisha kusimamishwa kwenye nguzo kuzunguka shimo lote, jeupe, limepigwa pasi. Umati umesimama, migongo kwa pazia. Mtu mmoja baada ya mwingine alikuwa akitoa salamu bila kugeuka.

"Hujambo, Bwana Shamte? Umepumzika?"

"Nimepumzika," sauti ikajibu kutoka chini. "Karibuni. Nafasi ipo, ila viti hakuna."

Bi Kidawa akasogea kwenye pazia. "Shamte. Umeumia?"

Ngwali akakohoa. Swali lile haliruhusiwi.

"Kidawa," ilijibu sauti, na safari hii haikuwa na mzaha ndani yake, "usiniulize hivyo mbele za watu."

Paja lilikuwa limevunjika. Hilo tulilijua baadaye. Siku ile tulijua tu kwamba hakupanda. Kumpa chakula ni kumsaidia na kumsaidia ni kumwinua nusu, hivyo Bi Kidawa alifanya wanavyofanya wake wote wa nchi ile. Alipita kando ya shimo na kikapu, mkate ukamponyoka. Akarudi, chupa ya maji ikamponyoka. Ngwali alisimama pale pale, mgongo wake umenyooka, akitazama mawingu.

"Mama, mikono yako siku hizi mibovu," Shamte aliita kutoka chini.

"Uzee," akajibu mkewe.

"Basi kesho uzee uangushe na samaki."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ilikuwa rahisi kucheka siku za mwanzo. Baadaye mizaha ilianza kuja ikiwa imechelewa, kama mtu anayeitafuta chini ya kitanda, na upepo ukigeuka harufu ilipita chini ya pazia. Watu walizidi kusalimu kwa adabu, wakipumua kwa midomo.

Bi Kidawa akalipelekea shauri Baraza la Utu. Alinichukua nimsindikize, maana mgeni anaruhusiwa kusema upuuzi bila kuadhibiwa. Aliyeongoza kikao ni Jaji Mwinyikai, mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kushoto na kulia kwake walikaa wanazuoni wawili ambao, niliambiwa, wamebishana tangu ujana wao na wanapendana sana.

Mwalimu Kiponda alisimama kwanza. Alisema utu ni wa kuzaliwa nao, hautolewi na serikali wala hauondolewi na shimo. Kwa hiyo Bwana Shamte anao wote, haukupungua hata chembe, na yeye Kiponda haoni mtu huyo anapungukiwa na nini. Bi Salha akampinga vikali. Alisema utu hauko ndani ya mtu kama moyo au ini. Utu uko machoni mwa wenzake. Ukitaka kuulinda, yalinde macho. Pazia, alisema, ndilo taasisi kuu ya taifa. Waliendelea hivyo mpaka chai ikaletwa. Nilivutiwa na ufasaha wao, na nilitambua kwamba wote wawili walikuwa wamefika mahali pale pale kwa njia mbili, napo ni kukaa kitako.

Nikaomba kusema. "Waheshimiwa," nilisema, "kama utu hauwezi kupotea, mnaogopa nini akishikwa mkono? Na kama unapotea kwa kushikwa mkono tu, basi ni dhaifu kuliko kikombe changu hiki cha chai, ambacho kimeanguka na kuokotwa mara nyingi na bado ni kikombe."

Wakatazamana. Kisha, kwa mshangao wangu, wakapiga makofi, wote watatu, kwa furaha ya kweli.

"Swali zuri sana," alisema Jaji. "Baraza litaliheshimu kwa kutolijibu upesi."

Hapo Bi Kidawa akasimama. "Mume wangu ananuka," alisema.

Bi Salha alifunika uso kwa mtandio.

"Baraza halikusikia," Jaji akasema taratibu.

"Nimesema ananuka. Ni mguu. Nimelala na mtu huyu tangu tulipokuwa vijana, harufu yake naijua, na hii siyo. Mnipe ruhusa nimtoe. Jina lake mliache kama lilivyo. Sitaki kingine."

"Bi Kidawa," Jaji alisema, na naapa macho yake yalikuwa na huruma, "Baraza limekaa hapa kumlinda mumeo na maneno kama hayo."

Hukumu ilitoka kabla ya adhuhuri. Baraza lilitamka kwamba shimo lile, tangu siku hiyo, ni makazi halali ya Bwana Shamte. Mtu aliye kwake hakuanguka. Mtu aliye kwake yuko katika hali inayomstahili. Kwa hiyo hakuna shauri. Kwa kutambua subira yake, pazia la pamba libadilishwe liwe la hariri, na kibao cha jina kitundikwe.

Nje watu walimzunguka Bi Kidawa wakimshika mkono. "Hongera kwa nyumba mpya." "Hongera, na mbele ya Baraza kabisa, si kila mtu anapata kiwanja hapa." Aliwaitikia mmoja mmoja.

"Kidawa," Shamte aliita alipopata habari, "tumehamia kwa wakubwa."

Hukumu ilikuwa na faida moja: mwenye nyumba anaweza kukaribisha. Bi Kidawa akawa anashuka na kulala kule chini na mumewe, nami nikakaribishwa siku iliyofuata. Niliteremka kwa kamba. Kulikuwa na vipande vya vioo kwenye matope, na ndani ya kila kipande kulikuwa na kiasi kidogo cha mbingu. Shamte alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kifuani amejifunga taulo la kinyozi, jeusi kwa uchafu. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Karibu. Usitazame mguu."

Nikatazama ukuta. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mgeni, sina cha kupoteza, na nimebeba magunia mazito kuliko yeye.

"Najua," alisema. "Halafu? Utanipeleka wapi? Kichwa gani kitakuja kunyolewa na Shamte wa Shimo? Nimenyoa mji huu wote. Nimewashika masikio majaji. Nikitoka hapa kwa mgongo wa mtu watanitazama kama yule wa Kisima, na mimi nimemtazama yule mzee, mgeni. Najua tunavyomtazama." Akajiweka sawa ukutani. "Ninangoja mguu upoe kidogo, nitapanda mwenyewe."

Nimeshaona watu wakingoja vitu vya aina hiyo.

Mvua ilinyesha alasiri ya siku chache baadaye, mvua ya kufunga mji. Bi Kidawa alikuwa amekwenda nyumbani kutafuta turubai. Maji ya barabara zote za mji ule yalikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Nilipofika mbio, nilikuta umati mkubwa kuliko siku ya kwanza. Walikuwa wamekuja kumstahi. Wamesimama kwenye mvua bila miavuli, wazee kwa vijana, migongo yote kwenye hariri, hakuna aliyekimbia kujisitiri, na ninakiri kwamba sijawahi kuona heshima kubwa kama ile.

Kisha sauti ikatoka chini.

"Kidawa. Niinue."

Migongo haikutikisika. Akaita tena, akamwita mkewe, akaniita mimi, akamwita Ngwali kwa jina, mwisho akamwita mama yake. Nikamwendea Ngwali nikamwambia mtu ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake, sheria inazuia nini tena?

Maji yalikuwa yakimtiririka Ngwali usoni. "Mtu aliye katika dhiki hasemi yeye," alijibu, kama mtu anayesoma alichokariri utotoni. "Inayosema ni dhiki. Bwana Shamte tunamjua, Bwana Shamte hawezi kuomba hivyo. Tukiitii sauti ile tutakuwa tumemdhulumu yeye."

Bi Kidawa akatokea na turubai lake. Alilisikia lile la mwisho, na alisikia sauti iliyokuwa ikitoka shimoni. Alisimama mbele ya afisa, kimo chake kikiishia kifuani mwa yule bwana.

"Nipishe, Ngwali."

"Fikiri, dada yangu. Leo wewe ni mke wa mtu."

"Na jioni nitakuwa mjane wa mtu. Nipishe."

Hakupisha, lakini aliinua uso akatazama mawingu. Bi Kidawa akashika hariri kwa mikono miwili akaipasua. Nikamfuata chini kwa kamba. Maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa Shamte. Mkewe alimshika kwapani, mimi nikamshika kiuno, na alipovutwa mguu alitoa mlio ambao sitaueleza. Tulisukumana na matope mpaka kichwa chake kikatokea juu ya ardhi.

Hapo umati wote ukageuka.

Mimi nilidhani nimezoea kutazamwa. Walituangalia kwa raha, bila chuki hata kidogo, kama watu wanavyotazama shehena iliyomwagika kwenye lori. Mwuza bamia alinyoosha shingo apate kuuona mguu. Majirani waliosema hongera wakaonyeshana kwa vidole. Jaji Mwinyikai alikuwa dirishani na kikombe chake. Ngwali alikunja hariri iliyopasuka, ncha kwa ncha, akaiweka begani na kwenda zake.

Niliwakuta tena Bondeni, kabla sijaondoka nchi ile. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kule nitakuta watu bora zaidi, kwa kuwa wameonja. Sikuwakuta. Walikuwa na njaa, waligombana kwenye foleni ya maji, na walikaa kwenye vibanda vilivyoegemeana kwa kukosa nguzo. Nililoona ni hili tu: mtu akianguka, aliye karibu anamnyanyua, mara nyingi akimtukana. "Inuka huko, mzembe we, unaziba njia." Kisha kila mtu anaendelea na shida zake.

Mguu ulikuwa umekatwa juu ya goti. Shamte alikaa kwenye gogo nje ya kibanda, amenyoa ndevu, mwembamba kama uzi. Alinipa mkono. Hakuwa na mzaha wowote, na nilipojaribu wangu ulianguka kati yetu ukabaki hapo. Bi Kidawa alikuwa akipika maharage kwenye mafiga. Nilikaa kwa muda kabla ya kutambua kwamba hawasemeshani. Shamte akitaka maji anaangalia mtungi. Mkewe anamletea.

Tulipokuwa tukingoja chakula, Shamte akanigeukia.

"Mgeni, wewe ulikuwepo siku ile." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Nataka useme ukweli. Mimi niliita?"

Mkono wa Bi Kidawa ulisimama na mwiko ndani ya chungu.

Nimewahi kuulizwa maswali mabaya, na polisi, na wadai, na mama wa mke wangu. Hakuna lililonifunga mdomo kama lile. Nilikuwa nimelisikia jina langu likiitwa, na la mama yake. Nikisema ndiyo, namvua nguo ya mwisho aliyobaki nayo. Nikisema hapana, namwacha mwanamke huyu awe amempokonya mumewe heshima bila kuombwa, kwa ukaidi wake tu, na atalala na hilo kila usiku ndani ya kibanda kile.

Bi Kidawa hakuningoja.

"Hakuita," alisema. Alikuwa akiangalia chungu. "Alikuwa kimya kabisa. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nilimtoa kwa nguvu, hakutaka."

Shamte aliendelea kunitazama mimi.

"Mvua ilikuwa kubwa," nikasema. "Lakini ungeita ningesikia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Kidawa akapakua, akaja akaweka bakuli mbele yake, akasimama. Mumewe akachota, akatafuna kwa muda mrefu.

"Maharage hayana chumvi," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya mvua. Mkewe alifuta mikono kwenye kanga. Chumvi kibandani haikuwepo, hata mimi niliona hivyo, kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote ndani.

"Ngoja," alimjibu, akaenda kuomba kwa jirani.